Asiyekufa na Mjukuu wa Mganga: Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya ya Mapenzi na Maajabu Kando ya Ziwa Victoria

Simulizi za mapenzi kati ya binadamu na viumbe wasiokufa zina wasomaji wengi sana kwa Kiswahili. Watu wanazifuata sehemu kwa sehemu kwenye simu, wanakesha nazo, na saa nane za usiku bado wanamdai mtunzi awape inayofuata. Lakini nyingi zina kasoro ile ile: asiyekufa ni mnyonya damu wa Ulaya aliyebadilishwa jina, mchawi ni kikongwe anayeruka na ungo, na Mwanza imetajwa mara moja tu ili tujue tuko Tanzania. Weka Dodoma mahali pa Mwanza na hakuna kitakachoharibika. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuandika riwaya isiyoweza kuhamishwa kutoka ziwani.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo, wa wapenzi wawili wa kubuni. Kabula ni mchuuzi wa dagaa katika mwalo (gati la wavuvi na soko la samaki) wa Kirumba, Mwanza, mjukuu wa mganga wa Kisesa. Rwegasira ni fundi mitumbwi anayeonekana ana miaka thelathini na kitu, na ameonekana hivyo kwa karne kadhaa.

Hatua ya kwanza: jua kinachowazuia

Hii ni riwaya ya mapenzi kwanza, maajabu baadaye. Msomaji anakuja na madai mawili: mapenzi ya hawa wawili yawe uti wa mgongo wa hadithi nzima, na mwishoni wawe pamoja kwa namna inayoridhisha. Ukimuua mmoja wao ukurasa wa mwisho umeandika tanzia. Tanzia ni kazi ya heshima, ila siyo aliyoilipia.

Kabla hujabuni uchawi wowote, andika sentensi mbili kwa kila mmoja. Ya kwanza iseme alitaka nini maishani kabla hawajakutana. Ya pili iseme kwa nini kumpenda huyu mtu kunahatarisha kitu hicho hicho. Kabula anataka kuishi kama mwanamke mwingine yeyote wa mwaloni: mtaji wake, chumba chake Mabatini, na jina lake lisitajwe sentensi moja na la bibi yake. Kipaji alichorithi amekizika, na mapenzi ndiyo yatakayokifukua mbele za watu. Rwegasira anataka asipende tena, kwa sababu kila alipopenda alipoteza kitu ambacho mauti yenyewe yasingeweza kumnyang'anya. Kitu gani, tutafika.

Sasa jaribu kuondoa maajabu yote. Mchuuzi anayeficha asili ya familia yake na fundi mgeni asiyetaka kusema ametoka wapi: bado kuna hadithi hapo? Kama ipo, endelea. Kama haipo, uchawi hautaiokoa.

Hatua ya pili: mtafute asiyekufa wako ziwani

Huna haja ya kuagiza asiyekufa kutoka nje. Simulizi za Wahaya, Wanyoro, Wanyankole na majirani zao zinawataja Wachwezi, watawala wa kale waliokuwa zaidi ya watu, ambao hawakufa kama tufavyo sisi bali walitoweka. Upande wa Kagera majina yao bado yana uzito: Wamara mkuu wao, Mugasha mwenye ziwa na dhoruba, Irungu mwenye pori. Roho zao huwapanda watu hadi leo, na Usukumani na Unyamwezini wapo Waswezi, chama cha wanaopandwa na pepo wa jadi hiyo hiyo. Ukimfanya Rwegasira mmoja wa waliomfuata Mugasha, tayari una asiyekufa mwenye bwana, mwenye deni, na mwenye sababu ya kutoliacha ziwa. Usimfanye Mugasha mwenyewe. Kuna watu ambao jina hilo kwao ni ibada, na pia mungu hafai kuwa mpenzi wa riwaya; ana uwezo mwingi mno, na anayeweza yote hatuna cha kumhofia.

Kama unataka awe mzee zaidi, jiolojia inakuruhusu. Ziwa Victoria ni kubwa, kilometa za mraba zipatazo 68,800, lakini halina kina kirefu. Pakubwa kabisa hapazidi sana mita 80. Wanasayansi waliochunguza tope la chini wamegundua kwamba lilikauka, kisha likajaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Fikiria mtu aliyevuka kwa miguu kutoka Mwanza kwenda Ukerewe kwenye nyasi, na leo anapanda meli ya kwenda Nansio na abiria wanaosinzia, akijua chini ya maji yale kuna mahali alipomzika mke wake. Sura nzima hiyo nimekupa.

Kisha mpe namna yake ya kutokufa. Tazama samaki wa hapa. Kamongo ana mapafu, anapumua hewa kama sisi, na maji yakikauka anaweza kujizika kwenye tope akangoja miezi mpaka mvua irudi. Rwegasira naye akiuawa, anaamka topeni, kwenye matete, akiwa mzima. Hilo ni letu, na mvuvi yeyote atakayesoma ataliamini kabla hujalieleza.

Hatua ya tatu: mchawi, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Katika riwaya za Ulaya na Marekani za siku hizi, mchawi ni msichana mrembo mwenye kipaji. Mwanza, mchawi ni tuhuma. Vikongwe wengi wameuawa Usukumani kwa neno hilo, na wengine walinyooshewa kidole kwa sababu ya macho mekundu, ambayo ni kazi ya moshi wa kuni na samadi kavu jikoni kwa miaka mingi. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna aliyeambiwa viungo hivyo vinaleta utajiri. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji hayo. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa 1928 wakati wa Mwingereza, ipo hadi leo. Wewe unaandika burudani ndani ya nchi ambamo mambo haya yana makaburi.

Sisemi uache. Nasema uamue mapema nani katika riwaya yako analitamka neno mchawi, kwa nani, na anafaidika nini. Uamuzi huo peke yake utaiinua kazi yako juu ya nyingi zilizopo.

Wasukuma wenyewe wanatenganisha. Nfumu ni mganga: anatibu, anaagua, na mara nyingi ameitwa na masamva, mizimu ya ukoo, kwa ndoto na ugonjwa usiopona mpaka akubali. Nogi ndiye mchawi, anayedhuru kwa siri. Kabula ana mwito wa nfumu na anaukataa. Ndiyo maana anaumwa kichwa kila anapolala kwa bibi yake Kisesa. Watu wa mwaloni hawatatofautisha. Kwao akionekana anafanya kitu kisichoelezeka, ni nogi. Basi una mgogoro ambao hakuna haja ya kuubuni: anachokuwa, na anachoitwa.

Na adui wako asiwe kikongwe. Mfanye adui awe mpiga ramli chonganishi, mwanamume mwenye simu mbili na wateja wenye pesa, ambaye hana nguvu yoyote isipokuwa kujua nani anamchukia nani mtaani. Huyo anatisha kuliko jini lolote, kwa sababu msomaji anamjua.

Mambo mawili sitakushauri uyaguse hata kwa bahati mbaya. Usiandike kiungo cha binadamu kikifanya kazi kama dawa, hata mikononi mwa mbaya wako. Akitumia, kishindwe waziwazi. Na usimtumie mtu mwenye ualbino kama kiumbe wa ajabu. Mpe kazi, mpe jina, mpe mpenzi akitaka, awe mtu kama wengine.

Kuhusu vitisho vya usiku, utavipata vingi: fisi wanaopandwa na wachawi, misukule wanaolimishwa gizani. Vitumie kama watu wanavyovitumia, yaani katika maneno. Fisi anayesikika nyuma ya miamba ya Bugarika, na jirani anayesema "huyo siyo fisi wa kawaida", wanafanya kazi kubwa kuliko kurasa tatu za mapambano.

Limbwata, je? Hapana. Mapenzi ya dawa siyo mapenzi, na msomaji akishajua mmoja amelishwa kitu hatasamehe. Ila hofu ya limbwata ni lulu. Usukumani wapo Bagalu na Bagika, wafuasi wa Gumha na Ngika, waganga wawili wa zamani walioshindana kwa ngoma na dawa. Hadi leo vyama hivyo vinashindana Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mfanye bibi yake Kabula awe mtengenezaji wa dawa ya mvuto ya upande mmoja. Siku Rwegasira atakapogundua hilo, atajiuliza kama moyo wake umerogwa. Hajarogwa. Lakini sura tano za kujiuliza umezipata bure.

Hatua ya nne: kila nguvu iwe na bei, na bei iumize mapenzi

Kanuni zako zisizidi tatu. Bei ya nguvu isiwe damu puani au kuzimia. Hiyo ni bei ya sinema, inapona kesho yake. Iwe kitu ambacho wapenzi hawa hasa hawawezi kumudu.

Kipaji cha Kabula ni mvua. Akishikwa na hofu kubwa au furaha kubwa, mvua inanyesha. Sasa fikiria kazi ya mwaloni. Dagaa wanaanikwa mchangani au kwenye vichanja, na wanahitaji jua. Wakinyeshewa wanaharibika, na mwanamke aliyekopa mtaji analala na deni. Kila Kabula anapotumia nguvu yake, wanaoumia ni wenzake. Tuhuma inakua yenyewe.

Rwegasira naye, kila anapokufa na kuamka topeni, anakuwa amemsahau mtu mmoja aliyempenda. Hachagui nani. Ndiyo maana hataki kupenda tena: akifa kumwokoa Kabula, huenda akaamka bila kumjua. Bei hizo mbili zimefungana. Rwegasira akizama, Kabula ataita mvua na kujifichua. Kabula akivamiwa, Rwegasira atakufa na kusahau.

Nakupa kipande cha mfano, ili uone jinsi kanuni inavyoingia bila mtu kuieleza:

Wingu lilitokea upande wa Ukerewe. Wanawake wakainuka wote kwa mara moja wakaanza kukumba dagaa, viganja vikikwangua mchanga, magunia yakitupwa huku na kule. Kabula hakuinuka. Alikuwa anamtazama fundi mitumbwi, ambaye maji yalikuwa yamemfika shingoni na mikono yake haikuwa ikisogea. Mvua ikashuka kwa kishindo. Mtumbwi wa karibu ukageuza kuikimbia, ukapita alipokuwa, na mtu akamshika nywele. Hapo ndipo Kabula alipopumua. Mama Sayi alikuwa amesimama mbele yake, gunia linachuruzika mikononi.
"We Kabula," alisema, bila kupaza sauti. "Mbona wewe hujalowa?"

Hakuna neno uchawi mle. Liweke mbali kadiri unavyoweza. Litakapotamkwa mara ya kwanza, katikati ya riwaya, msomaji atashtuka pamoja na Kabula.

Hatua ya tano: usiku wa ziwa una ratiba

Watunzi wengi hupenda kuwakutanisha wapenzi chini ya mbalamwezi, ufukweni patupu. Kwa Mwanza hiyo ni kinyume. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa, dagaa wafuate mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifai, wavuvi wanapumzika, mwalo unajaa watu, muziki na pombe. Usiku wa siri basi ni ule wa giza: wanaume wote wako majini, na ziwa limewaka taa kama mji uliohamia huko. Wapenzi wakikaa juu ya jiwe usiku huo wanaona mwanga mbele na giza nyuma. Panga kalenda ya mwezi ya riwaya yako kabla hujaandika sura ya kwanza, maana msomaji wa Sengerema au Ukerewe atakukamata.

Tembelea maeneo kwa miguu ukiweza. Nyumba zinazopanda miamba ya Igogo na Mabatini; ukimya wa Capri Point; Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa ndani ya jiji, mahali pa kumfichia mtu asiyetaka kuonwa. Kisiwani Ukara lipo jiwe linalocheza. Na uwe mwangalifu na mwaka: Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Riwaya ya kabla ya hapo ina kivuko, foleni, na watu wanaotazamana kwa saa nzima wakingoja kuvuka, jambo ambalo kwa mapenzi ni zawadi.

Hatua ya sita: miaka mingi, kitambulisho kimoja

Asiyekufa wa leo ana tatizo ambalo wa zamani hakuwa nalo. Tangu 2020 laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama za vidole inafungwa, na alama hizo hazizeeki wala hazibadiliki. Rwegasira atapata wapi kitambulisho cha taifa? Jibu liko kwenye makambi ya wavuvi: Goziba, Kome, Maisome. Watu wanafuata samaki, wanakuja na kuondoka, hakuna anayekumbuka ulikuja lini. Fundi mitumbwi anakaribishwa kila mahali, akilipwa mkononi. Kila baada ya miaka michache anahama kisiwa. Simu anatumia ya Kabula, na hapo una meseji inayosomwa na mtu asiyestahili.

Mpe kumbukumbu chache tu za historia, na zote ziwe za mwili. Alikuwepo Agosti 1858 Speke, mvumbuzi Mwingereza, alipoliona ziwa. Anachokumbuka ni kikohozi cha wapagazi. Alikuwepo reli ya kutoka Tabora ilipofika mjini 1928. Anakumbuka ladha ya samaki wadogo waliopungua baada ya sangara kuletwa ziwani.

Meli ya abiria MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996. Unaweza kuitaja, maana mtu aliyeishi ziwani hawezi kutokuijua, na makaburi yapo Igoma. Lakini usiifanye kazi ya jini wala mchawi wako. Wafiwa wapo hai, wanasoma.

Hatua ya saba: salamu na maneno

Kabula anaongea Kiswahili cha mwaloni, chenye "mwangaluka" asubuhi na "wabeja" akishukuru. Usikijaze Kisukuma mpaka msomaji wa Tanga apotee. Rwegasira asiongee kama kitabu cha kale. Mtu aliyeishi muda mrefu hujifunza kuongea kama wengine ili asionekane. Uzee wake utoke kwingine.

Utoke kwenye shikamoo, kwa mfano. Siku anapopelekwa Kisesa kutambulishwa, desturi inamtaka amwamkie bibi wa mpenzi wake. Yeye ni mkubwa kwa bibi huyo kwa karne nyingi. Anainama: "Shikamoo, bibi." Bibi anaendelea kutenganisha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye ungo. Haitikii marahaba. Kabula anaona aibu, anadhani mgeni amekataliwa. Kisha bibi anaweka ungo chini, anapiga magoti taratibu, na kumwamkia yeye. Andika tukio hilo polepole, upe kurasa nne. Hakuna miale ya macho wala ngurumo itakayomshtua msomaji wetu kuliko kikongwe kumpa kijana shikamoo.

Kuhusu mguso, kaa na mikono. Mikono yenye harufu ya dagaa isiyotoka hata kwa limao, na mikono ya fundi yenye makovu ya tindo. Kabla hawajalala pamoja, wawe wameshashikana mikono mara ambayo msomaji hataisahau.

Hatua ya nane: mifupa na mwisho

Kwa riwaya ya maneno 70,000 hadi 80,000, ningepanga hivi: robo ya kwanza wanakutana na kukwepana, robo ya pili wanakubali, mvua inaanza kuonekana, katikati kabisa neno linatamkwa. Robo ya tatu mpiga ramli anamtaja Kabula, Rwegasira anagundua dawa ya bibi, wanaachana. Robo ya mwisho umati unakwenda Mabatini usiku, Rwegasira anakufa akiwazuia, na anaamka kwenye matete bila kumjua.

Hapo kazi ya kuwarudisha pamoja ndiyo inakupa cheo cha mtunzi. Njia ya mkato ni busu linalorudisha kumbukumbu, iache. Acha Kabula aukubali mwito wake, aanze uganga mchana kweupe, na Mama Sayi awe wa kwanza kusimama upande wake, kwa sababu ambazo umezipanda tangu sura ya tatu. Acha Rwegasira ampende upya, kama mgeni, akiwa na hiari. Bei ya mwisho wailipe wote wawili: Rwegasira amwombe Mugasha amwachie aanze kuzeeka, Kabula akubali kwamba mvua haitamtii tena. Kutokufa kwa wote wawili ni rahisi mno, na kunamtoa Kabula mwaloni alipopigania kubaki. Tupe mvi yake ya kwanza Rwegasira, na Kabula akiibishia kwamba ni unga.

Hatua ya tisa: kuitoa

Maliza nusu ya riwaya kabla hujarusha sehemu ya kwanza. Wasomaji wa mtandaoni wanavumilia mengi, ila hawamvumilii mtunzi anayepotea. Sehemu ya maneno 1,200 hivi inasomeka kwenye daladala. Ikatie penye swali, kama lile la Mama Sayi, na usiwazungushe kwa kurudia yaliyopita.

Weka jina lako ndani ya matini ya kila sehemu, juu na chini, maana itanakiliwa kwenye makundi ya WhatsApp. Sajili kazi COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, na ukitaka kuchapa kitabu, ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kabla ya kuchapa, mpe muswada mwanamke mmoja anayeuza dagaa na mzee mmoja wa Kisukuma, uwalipe muda wao, na usikilize hasa pale wanaponyamaza.